Picha za jukwaani za bendi za Wanyika kutoka kwenye bati la marehemu baba: naomba majina

Mwana wa Mpiga Picha

Hamjambo wapenzi wa zilipendwa. Uzi huu ni mrefu na naomba mnivumilie, maana bila kueleza picha zenyewe zilipigwaje hamtaona kwa nini zinaninyima usingizi.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha wa mabaa hapa Nairobi. Hakuwa wa gazeti wala hakuwa na studio. Mliokuwa mkitoka jioni miaka ya sabini mnawakumbuka watu hao: kamera shingoni, flashi kubwa ubavuni, anapita meza hadi meza akiuliza, "Niwapige moja ya kumbukumbu?" Mkikubali anapiga, anaandika jina na namba kwenye kijitabu, anapokea nusu ya malipo, na wikendi inayofuata anarudi na bahasha kudai nusu iliyobaki. Kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha watoto wanne.

Alitutoka mwaka jana. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake tulikuta chini ya kitanda bati la biskuti limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na negativu za nyeusi na nyeupe, zimekatwa fremu sita sita na kuviringishwa kwenye gazeti, pamoja na vijitabu vitatu vya kazi. Jumapili nzima nilikaa dirishani nikiinua kipande kimoja kimoja kwenye mwanga. Watu mezani. Watu mezani. Mama kambeba mtoto siku ya ubatizo. Watu mezani. Halafu, mwisho kabisa wa kipande kimoja, gitaa, na mkono mweupe pepe juu ya nyuzi, kwa kuwa kwenye negativu weusi hugeuka weupe.

Nilitafuta zaidi. Katika kila roli ya watu mezani, bendi ilikuwemo mara moja au mbili tu, tena kila mara mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa. Sikuelewa kwa siku kadhaa, hadi nikakumbuka nilivyokuwa nikimwona akipakia filamu. Ncha ya filamu huwa imeshapigwa na mwanga, kwa hiyo unafyatua mara mbili tatu bure kabla ya kufika fremu ya 1. Wapiga picha wengi hufyatua wakiwa wameielekeza sakafuni. Baba aliielekeza jukwaani. Na roli ya picha 36, ukiipakia kwa uangalifu, hukupa ya 37 na pengine hata ya 38. Zile 36 zilikuwa za wateja, kila moja ni unga, ni kodi ya nyumba. Ile ya sifuri na ile ya 37 zilikuwa zake mwenyewe.

Ndiyo maana picha hizi ni adimu, na nadhani ndiyo maana picha za bendi zetu nyingi za wakati ule ni adimu. Hakuna aliyemlipa mtu kuzipiga. Hata santuri hazikusaidia: zile ndogo za 45 zilizokuwa zikiuzwa River Road, nyingi zilikuja ndani ya mfuko wa karatasi wenye jina la kampuni na tundu katikati basi. Wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, ukigeuza upande wa B unaendelea pale ulipoachia, na mtu angeweza kuucheza miaka kumi bila kujua sura ya aliyepiga solo.

Kuna jambo jingine nimelijua kwa kuzitazama. Mwimbaji anaonekana vizuri, mpiga gitaa anaonekana nusu, mpiga drams haonekani. Ni flashi hiyo. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Aliye mita mbili anang'aa, aliye mita nane nyuma anapata sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo wapiga drams wetu wamekosa sura kwa sababu walikaa nyuma, basi.

Sasa niwaeleze nne zilizo bora, nilizoziambatisha hapa.

Ya kwanza ni ya mteja. Wanaume wawili na mwanamke wa gauni la maua, meza imejaa chupa, wote wametazama kamera. Juu ya bega la mwanamume wa kulia inaonekana ngoma kubwa ya drams, na kwenye ngozi yake herufi zilizochorwa kwa mkono: NYIKA. Bega limefunika zilizotangulia.

Ya pili, mwimbaji amefumba macho mbele ya maikrofoni na kuna mkono wa mtu anambandika noti kwenye paji la uso.

Ya tatu, mpiga gitaa wa mkono wa kushoto, amesimama peke yake, shati limefunguliwa vifungo viwili.

Ya nne ndiyo fremu ya 37. Imepigwa kutoka ubavuni, karibu sana, nadhani baba alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jukwaa. Mpiga gitaa la rizimu ameinamisha kichwa. Mkanda wa gitaa lake si mkanda wa dukani, ni kitambaa kilichoshonwa, unaona mshono. Chini ya kidevu kuna tone la jasho ambalo halijaanguka. Nyuma yake ni giza tupu.

Kwa vijana wasiojua, neno Wanyika peke yake halitoshi. Ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 70 wakaingia Kenya na Simba Wanyika yao. Novemba 1978 wanamuziki kadhaa wakajitoa wakaunda Les Wanyika: Professor Omari Shabani kwenye rizimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye drams, Issa Juma kwenye sauti, na John Ngereza akaungana nao. Wakajifua kama miezi sita kisha wakaanza kupiga kwenye klabu ya Garden Square hapa Nairobi, na "Sina Makosa" ukawatangaza kila mahali. Baadaye Issa Juma naye akaanzisha Super Wanyika. Kwa hiyo NYIKA kwenye ngoma yaweza kuwa yeyote kati yao.

Ninachoomba ni majina. Sitaki zitoke hapa zikazunguka kwenye simu za watu zikiwa hazina jina hata moja, maana nimeona picha ikishapotelewa na majina huwa inaitwa tu "picha ya zamani" na habari yake inaishia hapo.

Mzee wa Jericho

Mwanangu, pole kwa kufiwa. Sina hakika kama nilimjua baba yako, lakini wale wapiga picha niliwajua, na mmoja alinipiga mimi na mke wangu kabla hatujaoana. Ile picha tunayo hadi leo ukutani.

Nianze na ile ya pili. Kutuza kwa kubandika noti usoni kulikuwa heshima kubwa, na mtuzaji alitaka aonekane. Alikuwa anatoka mezani taratibu, anacheza hadi jukwaani, anailowesha noti kwa jasho la mwimbaji mwenyewe ndipo ishike. Mwimbaji hakuigusa. Aliendelea kuimba nayo mpaka ubeti uishe. Sasa wewe itazame hiyo noti vizuri. Ina sura ya nani? Noti zenye sura ya Moi zilianza kutoka 1980. Kabla ya hapo zote ni Mzee Kenyatta. Kama unaona ndevu, umepata pa kuanzia.

La pili, usiwe na haraka ya kuandika Omari Shabani kwenye hiyo fremu ya 37 kwa sababu tu ni mpiga rizimu. Namwona mtu ameinamisha kichwa. Nilimsikia Professor mara nyingi, na kwangu mimi ile rizimu yake na besi ya Malanga ndizo zilizokuwa Les Wanyika yenyewe. Nyimbo zao ukiondoa vitu hivyo viwili zinabaki mifupa. Lakini sikumjua kwa utosi wake. Mpaka apatikane aliyekaa naye.

Fundi wa Kamera

Mwana wa Mpiga Picha, kabla ya yote toa hizo negativu kwenye gazeti leo hii. Karatasi ya gazeti ina asidi na itazila. Nunua bahasha za karatasi nyeupe ya kawaida isiyo na gundi katikati, kipande kimoja bahasha moja. Usitumie mifuko ya plastiki laini inayonuka, ile hushikana na filamu wakati wa joto. Shika kingo tu. Ukisikia harufu ya siki kwenye bati, kipande kinachonuka kitenge na vingine, maana filamu ikianza kuoza hivyo huambukiza jirani. Na usizioshe kwa maji. Kuna mtu aliniletea picha za babu yake alizosafisha kwa sabuni, sikuweza kumsaidia.

Pili, huyo mpiga gitaa wa kushoto ananitia shaka. Uliiskani upande gani? Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ule unaong'aa ndio ukuelekee, na maandishi ya ukingoni yasomeke kama kawaida. Ukiigeuza, kila mtu anakuwa wa mkono wa kushoto. Tazama vifungo vya shati. Shati la kiume, vifungo viko upande wa kulia wa mvaaji na tundu ziko kushoto. Kama kwenye picha yako ni kinyume, basi si mtu aliyegeuka, ni filamu.

Tatu, niambie ukingoni pameandikwa nini.

Mwana wa Mpiga Picha

Fundi, Mungu akubariki. Nimekaa na kioo cha kukuzia tangu saa kumi.

Vifungo ni kinyume. Niliigeuza mimi. Mpiga gitaa wangu wa kushoto ni wa kulia kama wengine, na afadhali nimejua kabla sijamwandika mahali popote.

Ukingoni pameandikwa ILFORD HP5.

Mzee wangu wa Jericho, noti nimeikuza mpaka ikaanza kuvunjika chembechembe. Sura ni ndogo kuliko punje ya mchele, lakini chini ya kidevu kuna weupe. Ni ndevu.

Fundi wa Kamera

HP5 ni aina ya filamu, ilianza kuuzwa 1976. Kabla yake ilikuwa HP4, na mwisho wa miaka ya 80 ikaja HP5 Plus, nayo ukingoni inajitaja hivyo. Kwa hiyo roli yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1976. Ukiweka na noti ya Mzee Kenyatta, nadhani uko kati ya 1976 na mwanzo wa 80, ingawa noti za zamani ziliendelea kuzunguka mifukoni kwa muda baada ya mpya kutoka.

Baba yako alichagua filamu nzuri. Ile ilivumilia giza la baa kuliko nyingi.

Mtanga wa Eastleigh

Shikamooni wazee, na wewe kaka pokea pole zangu. Mimi ni wa Tanga, niko hapa Nairobi mwaka wa kumi na tisa sasa.

Naomba niseme kitu ambacho watu wa huku husahau. Akina Kinyonga walipitia bendi ya Jamhuri Jazz kule kwetu kabla ya kuondoka. Walipofika huku hawakubadili Kiswahili chao. Ndiyo maana nyimbo za Wanyika zote, za Simba, za Les, za Issa Juma, zina ule utulivu wa mtu anayezungumza na jirani yake uani. Mama yangu alikuwa akisikia redio anasema, "Huyo ni mtu wetu," kabla hajatajwa jina.

Lakini nililotaka kusema hasa ni hili. George Kinyonga alifariki 1992. Wilson 1995. Omari Shabani 1998. Ngereza 2000. Ni miaka minane tu, na watu wanne ambao ungewaonyesha bati hilo wakakuambia kila kitu kwa dakika tano wamekwenda. Tungekuwa na uzi huu 1991 usingefika ukurasa wa pili. Kwa hiyo walio hai waliowahi kukaa meza ya mbele, tafadhali, leo andikeni mnalolikumbuka hata kama ni dogo.

Kijana wa Rongai

Wazee wangu heshima. Nimependa huu uzi vibaya sana. Nimechukua ile fremu ya 37 nikaipitisha kwenye programu ya simu inayosafisha picha za zamani. Angalieni, imemtoa mpiga drams kabisa! Ana uso, ana masharubu, na imeweka rangi, shati ni la samawati. Mtu akitaka nitume kubwa.

Mwana wa Mpiga Picha

Mdogo wangu, najua umefanya kwa mapenzi na nimeona ulivyohangaika. Lakini naomba uifute, na nikueleze kwa nini.

Pale nyuma ya mpiga gitaa hakuna uso kwenye filamu. Mwanga haukufika. Programu haikuufukua uso huo, imeuchora, kwa kuwa imeona nyuso nyingi za wanaume na ikaona hapa panafaa mmoja. Sasa kuna mtu mwenye masharubu ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Kesho mtoto wa mpiga drams halisi atatumiwa picha hiyo, ataambiwa "huyu ni baba yako", na ataiamini kwa sababu hana nyingine. Afadhali giza alilopiga baba.

Na hilo shati, kwenye nyeusi na nyeupe hakuna anayejua lilikuwa la rangi gani.

Kijana wa Rongai

Nimekuelewa kaka. Nimeifuta hapa na kwenye kundi nililokuwa nimeituma, na nimewaambia wasisambaze. Sikuwaza habari ya mtoto wake. Samahani.

Mzee wa Jericho

Umefanya la kiungwana, kijana. Endelea kukaa hapa, sisi tunahitaji macho yenu.

Binti Makadara

Habari zenu. Mimi si mjuzi wa bendi, nilikuwa mtoto, ila nilifanya kazi ya uhasibu miaka thelathini na karatasi ndizo nizijuazo. Kaka, umetaja vijitabu vitatu mara moja tu kisha ukaviacha. Mbona hujatuonyesha? Mtu anayedai nusu ya pesa wikendi ijayo lazima aandike tarehe.

Mwana wa Mpiga Picha

Dada, niliviacha kwa sababu hakuna mwaka mahali popote. Baba aliandika siku na tarehe tu. Roli yenye fremu ya 37 iko kwenye kijitabu cha kijani, ukurasa wa juu pameandikwa hivi: "J'mosi 14 Julai. G.S." Halafu majina ya wateja na namba za fremu, 1 hadi 36, mengine yamepigwa tiki na mengine hayana. Ya 37 haimo, bila shaka, haikuwa na wa kulipa.

Binti Makadara

Lakini kaka, ameshakuambia mwaka! Tarehe 14 Julai haiangukii Jumamosi kila mwaka. Nimechukua kalenda nikahesabu. Kuanzia 1976 Fundi alipotuwekea mpaka: 1976 ilikuwa Jumatano, 1977 Alhamisi, 1978 Ijumaa, 1979 Jumamosi. Baada ya hapo 1980 ni Jumatatu kwa kuwa ulikuwa mwaka mrefu, na Jumamosi hairudi hadi 1984.

Kwa hiyo ni 1979 au 1984. Hatuna tatu.

Mtanga wa Eastleigh

Dada umenisimamisha kwenye kiti. Na G.S. ikiwa ni Garden Square, basi 1979 inaingia pale pale. Novemba 1978 walijitoa, ongeza miezi sita ya mazoezi, uko Mei. Julai wangekuwa bado wapya jukwaani hapo!

Fundi wa Kamera

Tusikimbie. HP5 ilikuwa bado inauzwa 1984, na noti ya Kenyatta mtu aweza kuwa aliitunza. Bado hatujaiondoa 1984.

Binti Makadara

Fundi ana haki. Kaka, kijitabu hicho hicho cha kijani, je, kina tarehe yoyote ya Januari au Februari? Nataka ya kabla ya tarehe 29 Februari. Mwaka 1984 ulikuwa na siku ya ziada na 1979 haukuwa nayo, kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo kalenda zake hazilingani, ndipo kuanzia Machi zinalingana hadi Desemba. Ukinipa Februari moja nakupa mwaka.

Mwana wa Mpiga Picha

Ukurasa wa tatu. Wino umefifia lakini unasomeka: "J'mosi 17 Feb."

Binti Makadara

Mwaka 1984, tarehe 17 Februari ilikuwa Ijumaa. Mwaka 1979 ilikuwa Jumamosi.

Ni 1979, kaka. Baba yako aliandika kila kitu.

Mwana wa Mpiga Picha

Nimesoma jibu lako nikiwa kwenye matatu na nilishuka kituo kisicho changu. Asante dada. Miaka yote nilidhani baba hakuwa mtu wa kumbukumbu, kumbe ni mimi niliyekuwa siwezi kuzisoma.

Kijana wa Rongai

Naomba kuuliza kitu cha maana sasa. Hizi picha ni za nani kisheria? Kuna watu hutengeneza fulana na mabango ya zilipendwa mjini, wakiziona hapa watazichukua.

Binti Makadara

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 huipa picha miaka 50, ikihesabiwa toka mwisho wa mwaka ilipopigwa au mwaka ilipoanza kuonyeshwa kwa umma, ule wa baadaye ndio unaohesabiwa. Zile za jukwaani alizipiga kwa hiari yake, kwa hiyo ni za urithi wenu watoto wanne, na mkae pamoja mwandike nani anazisimamia. Zile za mezani zilizolipiwa ni habari nyingine, zina mteja ndani yake, na ningeziacha nyumbani.

Na muwe makini na majina kama mnavyofanya. Tazameni "Malaika". Fadhili William aliurekodi, dunia nzima imeuimba, na mpaka leo watu wanabishana kama ni yeye au Adam Salim aliyeutunga. Kama kungekuwa na karatasi moja ya wakati ule yenye tarehe, ubishi usingefika kwa wajukuu.

Mzee wa Jericho

Wakati mnahesabu kalenda nami nimefanya kazi yangu. Nina rafiki wa siku nyingi, tulikuwa tukienda pamoja, yeye alikuwa karibu zaidi na wanamuziki kuliko mimi. Aliwahi kukaa ploti moja na baadhi yao. Miguu imekataa lakini macho na akili viko sawa. Hana simu ya picha na hataki. Amesema aletewe karatasi, ashike mkononi. Nimemweleza fremu ya 37, akaniuliza jambo moja: "Mkanda wa gitaa ni wa kitambaa?" Mimi sikuwa nimemtajia mkanda.

Mwana wa Mpiga Picha

Mzee wangu, nimesoma hilo mara tatu.

Niwaambie nilipofika. Wiki hii nimeiskani upya fremu ya 37, safari hii kwa ukubwa wote, na badala ya kuitengeneza sura niliinua tu mwanga wa sehemu ya giza, polepole, kama alivyokuwa akifanya baba kwenye chumba cha giza akiiacha karatasi chini ya taa sekunde chache pungufu. Uso haukutoka. Ila upande wa kulia, juu ya bega la mpiga gitaa, kumetokea ukingo wa tasa la drams, kama mwezi mwembamba, na chini yake mikono miwili. Mmoja umeinuliwa, fimbo imefifia kwa mwendo kiasi kwamba imekuwa kivuli. Wa pili umetulia kwenye snea, ile ngoma ndogo ya drams, kiganja kimeelekea juu. Ni vyote alivyotuachia mwanga wa usiku ule, na ni vya mtu halisi.

Negativu zote sasa ziko kwenye bahasha za karatasi. Nakala za kidijitali nimeziweka mahali patatu tofauti. Ndugu zangu wamekubali nizungumze na wale wa Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, na pia na Ketebul Music, ambao wamefanya kazi kubwa ya kukusanya historia ya benga na muziki wetu mwingine. Tutaona nani ana chumba baridi cha kuzilaza. Za mezani zitabaki kwetu, ila kama kuna mtu alipigwa Garden Square 1979 na hakuwahi kuichukua picha yake, aniandikie jina. Kwenye kijitabu cha kijani kuna kumi na moja zisizo na tiki, na nusu mlishalipa.

Fremu ya 37 nimeisafishia chapa moja kubwa kwenye karatasi. Nyuma nimeandika kwa penseli laini, si kalamu: "Jumamosi 14 Julai 1979. G.S. Wanyika, inaelekea Les. Rizimu:" halafu nafasi, upana wa kidole. "Drams, mikono tu:" halafu nafasi nyingine.

Mzee wa Jericho, mwambie rafiki yako Jumamosi nakuja, na bahasha.